Uzoefu wangu: hamira ya waini, Fermaid O na asali ya Tabora

Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya waini ya nyumbani, nunua chakula cha hamira, kama Fermaid O. Hamira ya pakiti yenye jina kubwa inaweza kusubiri. Najua wengi huanzia upande wa pili. Wakikutana wanaulizana "wewe unatumia hamira gani?" kama watu wa Simba na Yanga, na dumu zao zinanuka mayai viza.

Mimi natengeneza waini ya asali hapa Dar es Salaam, ya kunywa nyumbani na kuwaonjesha jamaa wanaokunywa. Siuzi, wala sikeneki.

Nianze na asali. Ya Tabora, ile ya misitu ya miombo, ina ladha nzito inayobaki hata sukari yote ikishaliwa, ndiyo maana naipenda. Ila onja kabla hujalipa. Asali iliyorinwa kwa moto mkali hubeba moshi, na moshi huo hautoki. Utamu ukiisha ndiyo kwanza unajitokeza, unajikuta unakunywa kitu kama maji ya mkaa. Niliwahi kupata ya Itigi pia, ikanikalia vizuri zaidi nilipoichanganya na rozela. Ya nyuki wadogo siipeleki kwenye dumu: ni ghali, ina maji mengi na uchachu wake wa asili. Hiyo ilambe.

Kipimo changu ni kilo 1.5 za asali, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ijae lita 5. Tikisa kwa nguvu, maana hamira inahitaji hewa mwanzoni. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo (maji matupu ni 1.000), husoma karibu 1.088, na ikishuka hadi 1.000 unakuwa na kilevi cha asilimia 11 na ushee.

Hamira nilizotumia ni hizi za Lalvin, zinazotoka kampuni ya Lallemand ya Kanada, pakiti za gramu 5. Pakiti moja inatosha hadi lita 23, kwa hiyo kwa dumu dogo hutapungukiwa. EC-1118 ni ngangari: inavumilia kilevi hadi asilimia 18 na haiachi sukari hata chembe. Ubaya wake, kwa ulimi wangu, waini inatoka kavu mno na harufu ya asali inafifia. Naipa nyota tatu kati ya tano. 71B huchoka karibu na asilimia 14, inaacha harufu ya matunda, na inakula sehemu ya asidi ya maliki, uchachu wa matunda, kwa hiyo waini ya matunda makali inalainika. Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya joto letu: mwisho wake ni nyuzi 30, sawa na EC-1118, na chumba changu mwezi wa Januari kinapita hapo bila aibu. Nachachua wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Nje ya hapo naweka dumu ndani ya beseni la maji na kulifunika kitambaa kibichi.

Hamira ya mkate je? Siidharau. Mashapo yake hayatulii vizuri, ukisogeza dumu kidogo yanapanda, na ukiyaacha muda mrefu waini inaonja mkate. Lakini hamira ya mkate iliyolishwa vizuri ilinipa kinywaji kizuri kuliko EC-1118 niliyoiacha na njaa kwa makusudi nione tofauti. Hiyo ya njaa ilinuka mayai viza, ikapunguza mwendo, ikakwama sukari ikiwa bado imo.

Sababu ni nitrojeni. Juisi ya zabibu huja na ya kwake, asali karibu yote ni sukari na nitrojeni yake ni kidogo sana. Hamira ikikosa nitrojeni inaanza kutoa gesi ya salfa, ndiyo hiyo harufu.

Fermaid O ni hamira iliyokufa na kusagika. Nitrojeni yake iko kwenye asidi za amino, na hamira hai huila taratibu. Fermaid K ina hiyo pamoja na DAP (fosfati ya amonia) na vitamini. DAP tupu ni chumvi nyeupe, kali na ya haraka: joto linapanda, povu linapanda, na kilevi kikishapita asilimia 9 hivi hamira haiwezi tena kuitumia, inabaki kuharibu ladha. Na tafadhali, msikimbilie duka la pembejeo. DAP ya kupandia mahindi si ya kunywa, inaweza kuwa na kadmiamu na uchafu mwingine ambao mmea unauvumilia kuliko figo zako. Urea ndiyo usiiguse kabisa. Inaweza kuzalisha kemikali iitwayo ethili kabamati, inayoshukiwa kusababisha saratani.

Hapo nina lalamiko. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea kifuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "Fermaid O". Kufungua, chembe nyeupe zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Fermaid O ni unga wa rangi ya kahawia hafifu, na ukiunusa unanusa hamira. Hakuna haja ya maabara. Nilimrudishia, tukabishana, fedha ikarudi. Nunua pakiti ya kiwandani yenye lebo, hata kama inabidi usubiri mtu anayetoka safari.

Kwa lita 5 hizo na 71B natumia gramu 4.5, nikizigawa mara nne: saa 24, 48 na 72 baada ya kuweka hamira, na ya mwisho sukari ikipungua theluthi, yaani haidromita ikifika 1.059, au siku ya saba, lolote litakalotangulia. Fungu moja ni gramu moja na kitu, mizani ya jikoni haiioni. Tafuta ile midogo ya masonara. Wala usimwage unga mkavu moja kwa moja: gesi iliyomo inaruka yote kwa pamoja, povu linatoka kwenye mdomo wa dumu, linashuka ubavuni hadi sakafuni, na sisimizi hawachelewi. Koroga dumu polepole kwanza gesi itoke, yeyusha unga kwenye kikombe cha maji, ndipo umimine.

Asiye na Fermaid achemshe kijiko cha chai cha hamira ya mkate kwa dakika kumi, ikipoa aitie siku ya kwanza. Hamira iliyokufa ni chakula cha hamira hai. Haifikii ya pakiti, lakini inasaidia. Zile punje za zabibu kavu mnazoambiwa mtie hazina nitrojeni ya maana.

Bei ya Fermaid inauma, ila kifuko kimoja kinakaa muda mrefu ukikitunza. Kwa unyevu wa Dar, kikishafunguliwa kihamishie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na ukiweke friji, la sivyo unga unagandamana kuwa bonge.