Levodopa au benzheksoli kwa mgonjwa wa Parkinson?

Kabla ya kuchagua kati ya dawa hizi mbili za Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo, ukakamavu na mwendo mzito), ulizeni kama mgonjwa anatumia haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) au metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika). Dawa hizo zenyewe huleta mtetemo na ukakamavu, na hapo tiba ni daktari kuzibadilisha.

Kama ni Parkinson yenyewe, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo, zinakufa. Levodopa, ikiwa pamoja na kabidopa inayoilinda isiharibike njiani, hugeuka dopamini ndani ya ubongo, hivyo hurudisha mwendo. Kasoro yake ni mlo: protini hugombania nayo njia ya kuingia mwilini na ubongoni. Mzee wa Chumbageni, mtaa wa Tanga, akiimeza na samaki wa kupaka, asishangae miguu ikigoma. Aimeze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada. Miaka ikipita, dozi huisha nguvu mapema, na mwili huweza kujinyonganyonga wenyewe.

Benzheksoli, kidonge cha miligramu 2, husaidia zaidi mtetemo. Uzito wa mwendo haiugusi sana. Kwa kijana, sawa. Kwa aliyevuka 70 tusingeianza: huchanganya akili, hufunga choo na mkojo, tena hupunguza jasho, hatari kubwa kwenye joto la Tanga la Februari.

Yoyote kati yake haiachwi ghafla.