Organic Maps: ramani ninayotafutia mahali pa kupiga kambi kando ya mito

Kama unaishi Nairobi na unapenda kulala porini pasipo bomba, choo wala mlinzi wa geti, anza kwa kuweka programu hii kwenye simu. Ni ya bure na haina matangazo. Ukishapakua ramani ya Kenya kwa waifai ya nyumbani, huhitaji bando tena. Kwa sisi tunaoshuka na Barabara ya Magadi, hilo peke yake linatosha kuisifu, maana ukishaivuka Kiserian mtandao huanza kukatikakatika.

Ramani yenyewe ni ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Nairobi tunaijua kazi hiyo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS wakachora vichochoro vya mtaa wao, ambao kabla ya hapo haukuonekana kwenye ramani za umma.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ukiiwasha, unaona jinsi ukingo wa mto unavyopanda. Mimi hutafuta kijia kinachokaribia maji, halafu nachagua mahali palipoinuka, angalau mstari mmoja juu ya mto. Ule mchanga laini wa laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, siugusi hata ukiwa mkavu kabisa. Ewaso Nyiro ya Kusini, inayopita Olkiramatian na Shompole, chanzo chake kiko Mau. Mvua ikinyesha huko juu, maji yatakufikia na huku kwako nyota zinawaka. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo zake, kambi za Maasai Mara zikafurika na watalii wakaokolewa kwa helikopta. Kama kambi za kudumu zilizidiwa, hema la watu wawili litafanya nini?

Haina picha za setilaiti, kwa hiyo haikuonyeshi kama chini ya mkuyu pana tambarare au mawe matupu. Picha hizo nazitazama kwingine kabla ya safari, kisha naweka alama zangu humu. Na GPS hula chaji, beba pawabenki.

Jambo moja nawasihi wenzangu: alama ya hema kwenye ramani si ruhusa. Marekani, sehemu kubwa ya misitu ya taifa mtu hulala bure popote, mara nyingi hadi siku 14. Kwetu sivyo. Msitu wa serikali uko chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya; unaomba na kulipa. Kule Shompole ardhi ni ya jamii. Nikifika, kabla ya kushusha mzigo, namtafuta mzee wa hapo au skauti wa wanyamapori, namwamkia, namweleza tuko wangapi na tunataka kulala wapi. Yeye ndiye anayejua simba walinguruma upande gani jana na ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji. Ada ya jamii naitoa kwa moyo mmoja, kwani miti ile ya mtoni imesalia kwa sababu wao wameitunza.

Ukikuta kijia kimefungwa au kisima kimekauka, unaweza kuwaachia wachoraji wa OpenStreetMap ujumbe ukiwa humo humo kwenye programu. Ila sehemu tulivu uliyoonyeshwa na wenyeji usiiweke hadharani kabla ya kuwauliza kama wanataka wageni zaidi.