SQL Server: funksheni zinazorudisha jedwali
Kwa kuandika funksheni zinazorudisha jedwali zima badala ya thamani moja, SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft, naipa alama za juu, mradi uchague aina inayofaa. Ile ya RETURNS TABLE yenye SELECT (amri ya kusoma data) moja ndani ya RETURN ni nzuri kweli: injini huifungua na kuiunganisha na SELECT inayoiita, kwa hiyo faharasa zako (index, zinazoharakisha utafutaji) zinatumika kama kawaida. Ile ya BEGIN na END hujaza kwanza jedwali la muda, na hapo ndipo kasi inapopotea. Tangu toleo la 2014 injini hukadiria kuwa funksheni hiyo itarudisha mistari 100, hata ikirudi milioni, kisha huchagua njia mbovu ya kutekeleza SELECT. Toleo la 2017 limepunguza tatizo, ila si pale CROSS APPLY (inayoita funksheni kwa kila mstari wa jedwali jingine) inapoipa funksheni thamani za safu za jedwali hilo.