Cusco kwa Bajeti: Kitanda cha Bei Poa na Skafu ya Alpaka ya Kweli

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena. Mnaona nimeshika skafu mbili hapa, hii ya kijivu na hii nyekundu, zote nimenunua Cusco huko Peru, na zote niliambiwa ni alpaka, yaani manyoya ya yule mnyama wa milimani anayefanana na llama. Moja ni plastiki. Nitawaonyesha ipi, ila tuanze na pa kulala maana ndo mnaniuliza sana.

Cusco iko juu, kama mita 3,400, yaani wale mliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, haiko mbali sana na kimo cha kambi ya Horombo, sasa fikiria asubuhi uko Lima kando ya bahari, unapanda ndege, muda si mrefu umeshushwa huko na begi mgongoni. Mimi nilichukua hosteli San Blas, mtaa wa mafundi, pazuri mno, kuta nyeupe milango ya bluu, lakini ni ngazi tupu, siku ya kwanza nilisimama kupumua mara nne kabla sijafika mlangoni. Kitanda chumba cha watu sita nililipa soli 40 kwa usiku, soli ndo hela ya Peru, na chai ya majani ya koka bure. Kwa hela hiyo nimeridhika, kasoro maji ya moto, waliahidi ya moto yakatoka vuguvugu, na Juni na Julai usiku baridi inafika karibu na sifuri na vyumba vya bei hii havina hita. Kwa hiyo kabla hujalipa ingia bafuni ufungue bomba mwenyewe, halafu angalia mablanketi mangapi. Siku mbili za kwanza bora ukae chini huku karibu na Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji, San Blas utahamia mwili ukishazoea.

Sasa skafu. Hii ya kijivu nilitoa soli 15 kwenye kibanda, lebo imeandikwa "baby alpaca". Hilo neno halimaanishi mnyama mtoto, ni daraja la unyoya mwembamba sana, na unyoya wa hivyo haupatikani kwa soli 15. Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma: ukayeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi. Akriliki, yaani uzi wa plastiki. Uzi wa hii nyekundu ulinuka kama nywele zinaungua na ukabaki majivu, unaupondaponda kwa vidole.

Nyekundu hii nimeitoa Chinchero, kijiji cha juu nje ya Cusco, kwa mama aliyekuwa anafuma mtambo umefungwa kiunoni kwake na ncha ya pili kwenye mti. Rangi yake ni kochinili, wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, akawasaga kiganjani mbele yangu, wekundu wa damu, akakamulia limau ikageuka rangi ya chungwa palepale! Alitaka soli 120. Nilizoea kupatana bei kila mahali lakini hapa nilimuuliza kwanza siku ngapi amefuma, akaonyesha vidole vinne, basi nikalipa yote. Kama huwezi kufika Chinchero, mjini Avenida El Sol kuna Centro de Textiles Tradicionales, kituo cha ufumaji wa asili, kipo tangu 1996, wafumaji wanakaa humo humo wanafuma na bei haipunguzwi.

Sogeeni karibu na kamera muone huu ukingo wa hii nyekundu, hakuna sehemu mkasi umepita.