Hadubini ya Mtoto: Ishike Kabla ya Kuuliza Inakuza Mara Ngapi

Malalamiko ninayoletewa na wazazi wa Nakuru, Njoro na Gilgil kuhusu hadubini za watoto yanafanana sana. Mtoto amenunuliwa hadubini, siku ya kwanza hakulala mapema, na muda si mrefu chombo kimepandishwa juu ya kabati na hakishuki tena. Mama mmoja ameniandikia kwamba bintiye wa gredi ya 5 huona kitu, huita watu waje waone, na mama akiinama anakuta weupe mtupu. Nyumbani wameanza kusema mtoto anatunga. Mtoto hatungi. Ameona kweli, na alichokiona kimepotea kabla mamake hajafikisha jicho kwenye lenzi.

Kwa hiyo sitaanza na hadubini inakuza mara ngapi, wala idadi ya slaidi zilizo ndani ya boksi. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nimefanya kazi katika maabara za shule miaka mingi, na kasoro iliyowakatisha watoto wengi tamaa mbele yangu ni moja, nayo sijaiona ikitajwa kwenye tangazo lolote: hadubini isiyotulia.

Kushuka na kuyumba

Kila hadubini ina kizungushio cha pembeni kinachopandisha na kushusha lenzi, au kile kijimeza cha slaidi, mpaka picha itakate. Ndani yake kuna meno. Katika hadubini nyingi za plastiki meno hayo ni ya plastiki pia na hakuna kinachoyabana, hivyo uzito wa sehemu ya juu huyasukuma chini taratibu. Ukiondoa mkono, picha huanza kufifia yenyewe.

Tufanye hesabu. Ukikuza mara 400, yaani lenzi ya kawaida ya 40 karibu na slaidi na lenzi ya jicho ya 10 juu (40 mara 10), kina kinachoonekana safi kwa wakati mmoja ni kama mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100 hivi. Basi lenzi ikishuka kiasi ambacho jicho halikioni na mkono haukihisi, seli ya kitunguu uliyokuwa ukiitazama imekwenda. Ukikuza mara 40 mtelezo huo huo haukusumbui sana, ndiyo maana dukani, kwenye nguvu ya chini, kila hadubini huonekana nzima.

Kuyumba ni ndugu yake. Mkono wa hadubini ukiwa mwembamba hupinda kidogo kila mtoto anapogusa kizungushio, na picha huruka. Mtu mzima hujifunza kushika pumzi. Mtoto wa miaka tisa hukata tamaa, na mimi simlaumu.

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Nenda dukani na kipande cha gazeti. Weka herufi moja chini ya lenzi ya 10, itakase picha, kisha ondoa mikono. Zungumza na muuzaji mambo mengine kwa dakika mbili, halafu tazama tena bila kugusa chochote. Ikiwa herufi imefifia, rudisha hadubini kwenye boksi. Ikiwa bado ni safi, sukuma mkono wa hadubini kwa kidole kimoja, polepole, ukiwa unatazama: picha itasogea, lakini ukiachilia inapaswa kurudi mahali pake. Mwisho, zungusha kizungushio kidogo mbele, kisha kidogo nyuma. Picha ikichelewa kuitikia, meno yamelegea tangu kiwandani, na yatazidi kulegea.

Hadubini za chuma nazo huweza kuanza kushuka, lakini zinatibika. Nyingi kati ya zile za shule hukazwa kwa kushika kizungushio kikubwa cha upande mmoja na kukizungusha kile cha upande wa pili kwa nguvu kiasi, kinyume chake. Hakuna fundi wala gharama. Ya plastiki ikishaanza, hukazi chochote.

Namba ya pili

Lenzi nzuri huandikwa ubavuni. Kwenye lenzi ya 40 utakuta 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Namba ya kwanza ndiyo ya kukuza. Ya pili, 0.65, ndiyo inayoamua ni mambo madogo kiasi gani yataonekana, na kanuni ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara elfu moja ya namba hiyo. Kwa 0.65, kikomo ni mara 650. Zaidi ya hapo picha inakuwa kubwa bila kuongeza chochote cha kuona. Ile 160 ni urefu wa mrija kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kile kioo chembamba kinachofunika slaidi.

Sasa jiulize hadubini ya plastiki iliyoandikwa "mara 1200" kwenye boksi, na lenzi zake hazina namba ya pili popote, inapata wapi hizo 1200. Nimewahi kumuuliza muuzaji mjini swali hilo. Akanijibu, "Mama, imeandikwa hapo juu ya boksi." Basi. Huo ndio ushahidi wote alio nao, na kwa ushahidi huo anachukua pesa ya mzazi aliyejinyima.

Nafasi ya kwanza: AmScope M150

Sitajifanya sina upande. Mtoto akiwa na miaka minane au zaidi, ninayoipendekeza ni AmScope ya jamii ya M150, hasa M150C, na nimeipendekeza kwa wazazi wengi kiasi kwamba wengine wanadhani nalipwa. Silipwi. Mwili wake ni chuma, lenzi ni za kioo, kizungushio kikubwa na kidogo vyote vipo, na ule mkono haupindi. Kizungushio kidogo ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri: kwenye mara 400, kile kikubwa pekee ni kama kutafuta stesheni ya redio kwa kiwiko. Taa yake ni ya LED na inakubali betri, na kwa stima yetu hilo si jambo dogo.

Yenyewe huuzwa ikitajwa kuwa inafika mara 1000. Inafika kwa kuweka lenzi ya jicho ya 25 juu ya ile ya 40, na umeshaona kwamba kikomo ni 650. Ile lenzi ya 25 iache ndani ya boksi. Tumia ya 10, upate mara 40, 100 na 400, na hizo zinamtosha mtoto mpaka amalize sekondari.

Bei ndiyo inayoniuma. Marekani imekuwa ikizunguka dola 100. Ikifika huku imebeba usafiri, ada za forodha na VAT ya asilimia 16, na juu yake kuna faida ya muuzaji ambayo wakati mwingine inazidi vyote hivyo. Serikali imewaingiza watoto wetu junia sekondari tangu Januari 2023, Sayansi Jumuishi ya gredi ya 8 inawafundisha seli, na darasa zima linazunguka hadubini moja ikiwa ipo. Kifaa cha namna hii kutozwa VAT kama kipodozi, mimi siwezi kukitetea. Kama una ndugu anayerudi kutoka ng'ambo, mwombe akuletee. Kama huna, unganeni wazazi watatu au wanne mkaagize pamoja, usafiri utapungua.

Nafasi ya pili: hadubini ya macho mawili, nguvu ndogo

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane ningeipandisha hii iwe ya kwanza. Inakuza kati ya mara 10 na 40 hivi, na haihitaji slaidi, kukata kitu chembamba wala tone la maji. Unaweka kitu kama kilivyo: ua la pareto, mbawa ya nzige, sarafu, kidole chenyewe. Picha haipinduki, wakati hadubini ya kawaida hugeuza juu chini na kulia kushoto, jambo linalomchanganya mdogo. Tena kwa nguvu hii ndogo ule ugonjwa wa kushuka hauna meno. AmScope wanazo katika jamii yao ya SE, na ndizo ningechagua. Haitakuonyesha seli ndani ya damu wala viumbe wadogo kabisa wa majini, hilo ulijue kabla ya kulipa.

Nafasi ya tatu: ya shule, ya chuma, yenye kioo cha kuakisi

Hizi mnazijua. Nyingi hutoka India, mji wa Ambala ukiwa ndio kitovu cha vifaa vya namna hii, na maduka ya vifaa vya maabara huziuza mpya na zilizotumika. Mwili wake ni mzito, na uzito huo ndio raha yake. Shida ni kwamba ubora hutofautiana hata kwa mbili zilizofanana, kwa hiyo kile kipimo cha gazeti usikiruke. Kagua kama lenzi za ndani zina ukungu: vua lenzi, itazame kwenye mwanga, ukiona nyuzi kama utando wa buibui, achana nayo.

Kioo cha kuakisi kinakuokoa na stima, lakini mwonye mtoto kwa maneno makali: asikielekeze kwenye jua hata siku moja. Jua likipitia lenzi linaharibu jicho. Kielekezwe kwenye anga jeupe au taa ya meza.

Ya nne: Foldscope

Ni ya karatasi, inakunjwa, ina lenzi ndogo ya duara na inakuza mara 140. Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford waliieleza kwa wanasayansi mwaka 2014, wakionyesha kwamba vifaa vyake vinaweza kugharimu chini ya dola moja. Ni kazi ya heshima kubwa na inaingia mfukoni. Ila kwa mtoto peke yake inahitaji subira na vidole vyepesi, na watu wawili hawawezi kuonyeshana kwa urahisi. Iwe ya pili nyumbani, isiwe ya kwanza.

Zilizobaki

Za plastiki za rangi rangi, sitaki kuzisemea mengi. Zinashuka, zinayumba, lenzi zake hazina namba. Kama pesa iliyopo ni ya hiyo tu, nunua kioo cha mkononi kizuri cha kukuza mara 10 na usubiri. Zile za kuchomeka kwenye kompyuta zinazodai mara 1000 au 1600 zinaonyesha ngozi na kitambaa vizuri, lakini mara wanazodai si za kweli, na kile kisimamio chao kidogo ndicho kinachoyumba kuliko vyote.

Kuhusu maduka, nina neno. Kuna maduka hapa mjini yanayokataa kufungua boksi mpaka ulipe, kisha yanakuonyesha kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi". Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na bidhaa inatakiwa iwe na ubora unaofaa hata kama kibao kimesema vinginevyo. Hakuna anayenunua viatu bila kuvaa. Duka lisilokuruhusu kuitazama herufi moja ya gazeti kwa dakika mbili halistahili pesa yako, na nitafurahi mkiwaambia hivyo wazi wazi.

Ikishafika nyumbani

Anza na lenzi fupi kila mara. Mtoto atazame kwa pembeni huku akileta slaidi karibu na lenzi, kisha ndipo aweke jicho na kuzungusha kwa kuachanisha. Akifanya kinyume, siku moja atavunja slaidi na kukwaruza lenzi.

Kitunguu ndicho cha kwanza: ule utando mwembamba wa ndani, tone la maji, na tone la tincha ya ayodini kutoka duka la dawa. Kuta za seli zitaonekana kwenye mara 100, viini kwenye mara 400. Halafu loweka nyasi kavu kwenye maji ya mvua kwa siku kadhaa, tone lake litakuwa na viumbe wanaokimbia.

Lakini sisi wa kaunti hii tuna kitu ambacho wengi hawana. Kariandusi, karibu na Gilgil, wanachimba ile miamba myeupe ya diatomaiti. Unga wake ni maganda ya diatomu, viumbe wadogo wa ziwa la zamani waliojijengea maganda ya silika. Chukua unga kidogo mno, ncha ya kijiti cha meno inatosha, uchanganye na tone la maji, uanze na mara 100 kisha 400. Picha ikitulia, mtoto ataona matundu yaliyopangwa kwa mistari. Hapo ndipo hadubini inayoshuka hujulikana, kwa sababu matundu hayo hutoweka ya kwanza. Uchanganye wewe mzazi, unga usipeperuke akauvuta.

Unga huo huo hutumika kuhifadhi nafaka dhidi ya fukusi: hunyonya na kukwaruza ile nta iliyo juu ya ngozi ya mdudu na kumkausha. Mtoto akiwa na hadubini ya macho mawili, mtafutie fukusi mmoja kwenye gunia la mahindi na amtazame mdomo wake mrefu, halafu umpake unga uone unavyonasa kwenye viungo.

Wanaoishi Kisumu na kando ya ziwa wana adui mwingine, unyevu. Ukungu huota ndani ya lenzi na hautoki kirahisi. Wekeni hadubini kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, na mvibadilishe vipakiti mara kwa mara. Mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya hadubini yenye unyevu ni mbaya kuliko kuiacha wazi.