Safari ya meli ya kitalii kwa bei nafuu: ofa ipi inakufaa?

Meli haisubiri vyumba vijae. Kitanda kikiwa kitupu inapong'oa nanga, pesa yake imeshapotea, na humo ndimo ofa zinamozaliwa. Ila kila ofa ina kitu unachoachia kampuni: tarehe, chumba, au bandari ya kushukia. Tumezipanga kuanzia inayowafaa wengi.

Hesabu kwanza. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili. Jumlisha nauli, kodi na ada za bandari, bakshishi (kampuni nyingi kubwa huiweka kwenye bili kila siku kwa kila mtu, hata mtoto), vinywaji, intaneti, usafiri wa kufika bandarini na hoteli ya usiku wa kuamkia safari. Gawa kwa idadi ya usiku. Ofa nyingi huumbuka hapo.

1. Meli ya zamani kidogo, nje ya msimu. Mediterania mwezi Aprili au mwishoni mwa Oktoba, Alaska mwezi Mei au Septemba. Meli mpya inakulipisha upya wake. Kata nafasi mapema, kisha uchague mwenyewe chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Kitafute katikati ya meli, sitaha (ghorofa) za chini. Omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake) ndizo zinazopanda na kushuka, na tumbo hulijua hilo kabla yako. Tazama ramani ya sitaha: juu yako na chini yako pawe na vyumba vya kulala. Ukilala chini ya ukumbi wa chakula, utaamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa.

Karibi ya Septemba ina bei nafuu, na sababu ipo. Msimu wa vimbunga huko huanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Kwa kawaida meli hukikwepa kimbunga. Kinachobadilika ni ratiba. Mkataba huiruhusu kampuni kuruka bandari, na mara nyingi unachorudishiwa ni ada ya bandari hiyo tu. Kama unakwenda kwa ajili ya kisiwa fulani, achana na miezi hiyo.

2. Chumba cha kupangiwa. Unalipia daraja la chumba, kampuni inachagua namba. Hutashushwa daraja, na wengi huomba wapandishwe. Jiandae zaidi kwa chumba jirani na lifti, au dirisha linalotazama mgongo wa boti ya kuokolea. Familia yenye vyumba viwili isiguse ofa hii: inaweza kugawanywa sitaha mbili tofauti.

3. Ofa ya dakika za mwisho. Kampuni nyingi hutaka malipo yote yakamilike siku 90 hivi kabla ya safari. Wasiolipa hupoteza vyumba, navyo hurudi sokoni. Anza kuwinda hapo. Inamfaa anayeishi karibu na bandari. Wa mbali atakuta tiketi ya ndege imekula punguzo lote. Anayehitaji viza asithubutu, maana foleni ya miadi inaweza kuwa ndefu kuliko siku zilizobaki. Na viza yenyewe iangalie vizuri: meli ikitoka Ugiriki kwenda Uturuki na kurudi, umetoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi.

4. Safari ya kuhamisha meli. Aprili na Mei meli huvuka kutoka Karibi kwenda Ulaya. Oktoba na Novemba hurudi. Ukigawa gharama kwa idadi ya usiku, hakuna nafuu kama hii. Lakini ni siku sita au saba bila kuona nchi kavu, na unashuka bara jingine ukiwa na tiketi ya kurudi ya kujinunulia. Chagua inayoelekea magharibi: saa hurudishwa nyuma ukapata usingizi. Kuelekea mashariki, usiku mwingi hukunyang'anya saa moja.

5. Usiku tatu. Nauli ndogo, gharama kubwa kwa usiku. Unapanda jioni, unashushwa asubuhi, siku kamili ni mbili tu. Tunaiweka hapa kwa anayetaka kupima kama bahari inamkubali.

Ukishakata nafasi, endelea kuchungulia bei hadi siku ya malipo ya mwisho. Ikishuka, piga simu uombe ushushiwe. Baada ya siku hiyo jibu huwa hapana. Nunua bima inayogharimia matibabu na kusafirishwa kutoka baharini. Na ukishuka kutembea bila ziara ya kampuni, tumia saa ya meli, si ya mjini: ziara yao ikichelewa meli huisubiri, wewe ukichelewa utaiona tezi yake.