Kitabu cha Beccaria kuhusu makosa na adhabu: kagua toleo kabla ya kulipa

"Dei delitti e delle pene" cha Cesare Beccaria, mwanafalsafa wa Kiitalia, kilichapwa Livorno, Italia, mwaka 1764 bila jina la mwandishi, na bado ni mlango mzuri wa kuingilia nadharia ya jinai: kifupi, hoja juu ya hoja. Kasoro iko kwenye matoleo. Mwaka 1766 Morellet, aliyekifasiri kwa Kifaransa, alizipangua sura na kuzipanga upya apendavyo, na wafasiri kadhaa wakamfuata. Chukua toleo lenye sura 47, lisilofuata mpangilio huo. La mpangilio wa Morellet litakusumbua, kwani namba za sura zinazotajwa darasani hazitalingana na zako.

Anza na sura ya 16, juu ya kumtesa mtuhumiwa ili akiri: mhalifu mwenye mwili imara huvumilia akaachiwa, dhaifu asiye na hatia hukiri akahukumiwa. Kurasa chache tu, na ni vigumu kuzijibu. Kisha soma ya 19 na ya 27: kinachozuia uhalifu ni adhabu ya hakika na ya haraka, si ukali wake.

Sura ya 28 inapinga hukumu ya kifo, ila isome hadi mwisho. Badala ya kitanzi anapendekeza utumwa wa maisha, tena kwa sababu unawatisha watazamaji kwa muda mrefu zaidi. Wanaomsifu kuwa mpole huruka hapo.

Udhaifu mkubwa: binadamu wake hupiga hesabu ya faida na hasara kwanza. Anayeua kwa hasira au ulevi hapati maelezo ya kutosha humu.